Mlango wa Annelise

Jumapili, 2 Novemba

Kiwambo cha sikio la kushoto kimetoboka. Daktari wa kliniki alichungulia, akaguna, akasema wiki nane nisitie kichwa majini. Nikamwambia wiki nane ndio msimu wenyewe. Akasema bahari haihami. Huyo hajui kitu. Hapa Rooiklip upepo wa kusini-mashariki tunauita Daktari. Ukivuma siku tatu unasukuma maji machafu nje, na maji ya chini yanapanda, baridi ya kukata mifupa na maangavu kama kioo. Siku za namna hiyo ni za kuhesabika. Kati ya madaktari wawili, ninayemwamini ni huyu anayevuma.

Faldiela alileta koesista za Jumapili, yale maandazi ya shira, bado moto, sukari inachuruzika. Tumepiga mbizi pamoja miaka kumi na tisa. Nina miaka hamsini na sita, sina mume wala paka, nina kompresa ya kujazia matangi ya hewa na nina yeye. Akasema, "Tutasubiri wote, shoga yangu. Ukipona tunaingia." Nilifurahi kama mtoto.

Jumanne, 4 Novemba

Upepo. Nimejaza matangi sita ya watu wa mjini. Wote wameuliza sikio linaendeleaje.

Jumamosi, 8 Novemba

Amekuja mgeni kwenye kibanda changu cha kujazia hewa. Anaitwa Annelise Bothma, mkemia mstaafu kutoka Bloemfontein, na amenunua ile nyumba ya barabara ya juu iliyokaa tupu miaka mitatu. Ana vazi jekundu la kuzamia lisiloingiza hata tone la maji, na tangi la chuma jipya. Aliuliza wanakoingilia majini kutoka nchi kavu. Nikampa sehemu tatu ambazo kila mtalii anazijua.

Akasimama mbele ya ramani yangu ukutani na kuanza kusoma majina. Ramani hiyo niliichora kwa mkono. Pwani yetu ni mawe na mawimbi, na kuingia si kazi. Kazi ni kutoka ukiwa mzima. Kwa hiyo anayegundua njia mpya ya kuingia na kutoka, njia inachukua jina lake na mimi ninaiandika pale. Kuna Ufa wa Arendse, wa marehemu baba yangu. Kuna Ngazi ya Lenie na Faldiela, yetu sisi wawili. Annelise akaonyesha mahali peupe kando ya lile jabali la chini ya maji tunaloliita Kanisa, akauliza mbona hapana jina. Nikasema kwa Kanisa watu wanakwenda kwa boti. Sikumwambia kwamba mimi na Faldiela tumetafuta njia ya miguu ya kulifikia kwa miaka sita.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku tatu za Daktari. Maji nyuzi kumi, unaona mpaka mita ishirini. Faldiela alikuja akizungukazunguka mlangoni, nikajua ana lake.

"Mara moja tu, Lenie. Yule mama wa Bloemfontein hana wa kwenda naye, na maji yameng'aa mpaka yanaudhi."

Nikasema nenda. Ningesema nini?

Tangi la Faldiela nililijaza kama ninavyolijaza siku zote, ndani ya hodhi la maji baridi, taratibu, dakika arobaini, nikaliacha likapoa, nikaongeza. Ukijaza haraka tangi linapata moto, na hewa yenye moto inatunisha kipimo. Unasoma 220 ukadhani una safari nzima, halafu ukiingia kwenye maji yetu haya hewa inanywea na una 180. Kwenye bahari za joto wanaweza kufanya uzembe huo. Hapa ni mwiko. Nikabandika utepe, nikaandika 220 na herufi zangu mbili, za mwanzo wa majina yangu. Tangi la Annelise nalo nilijaza vizuri. Mimi si mtu wa hovyo.

Kisha nikakaa juu ya jiwe nikitazama mapovu yao. Mafungu mawili, yanakwenda bega kwa bega. Walipotoka walikuwa wakicheka kitu walichokiona huko chini, na kila walipojaribu kunieleza wakaanza kucheka upya. Niliona wivu. Naandika neno lenyewe nisije nikajidanganya baadaye.

Jumatano, 19 Novemba

Tena.

Jumapili, 23 Novemba

Koesista zilifika saa tano, zimepoa. Alipitia kwanza barabara ya juu.

Jumamosi, 29 Novemba

Annelise ameniletea mafuta ya sikio kutoka kwa rafiki yake mfamasia. Hana kiburi. Anauliza maswali mazuri, tena anasikiliza majibu. Laiti angekuwa mjinga ningemchukia kwa raha zangu. Faldiela sasa anasema "Annelise anasema" mara nne kwa kikombe kimoja cha chai. Nimehesabu.

Jumamosi, 6 Desemba

Kliniki. Sikio bado. Wiki nne zaidi, pengine tano. Faldiela aliponiona alisema "pole sana," kisha akatazama saa.

Jumanne, 16 Desemba

Sikukuu, kibanda kimefungwa. Nilikuwa nafagia nilipowasikia wakipanda njia mbio, mapezi mkononi, midomo ya bluu. Faldiela alinikumbatia akiwa bado na maji, akanilowesha kifua chote.

"Tumepata, Lenie. Tumeingia Kanisani kwa miguu yetu."

Wakaeleza kwa kudakizana. Usimame mahali ambapo bomba la moshi la kiwanda cha zamani cha samaki linaonekana limekaa juu ya jiwe jeupe, ushuke moja kwa moja, kuna ufa. Mbele ya ufa ndipo penye mwani mrefu mnene kuliko mahali popote. Sisi wa hapa tunafundishwa tangu utotoni kuukimbia mwani mnene, usije ukakunasa miguu. Miaka sita tumepita juu ya mawe yale tukiuona, tukiuzunguka. Annelise hakufundishwa. Alipita katikati yake, na ndani akakuta maji yametulia kama bakuli, kwa sababu mwani wenyewe ndio unaolivunja wimbi kabla halijafika.

Nililielewa jambo hilo mara moja na likaniuma kwa sababu lilikuwa rahisi. Nikauliza ni nani aliyetangulia kuingia. Faldiela akasema ni Annelise, kisha akaniambia niandike. Annelise akakataa, akasema jina si lazima, yeye ni mgeni.

"Desturi ni desturi," Faldiela akasema. "Andika, Lenie. Mlango wa Annelise."

Nikachukua kalamu nikaandika. Mwandiko wangu ulitoka mzuri kuliko siku zote. Miaka sita ya kutafuta, na pale penye Kanisa hakuna hata herufi moja ya jina langu. Walipoondoka nililia kama mjinga, nimeegemea kompresa.

Alhamisi, 18 Desemba

Upepo. Sikula.

Jumamosi, 20 Desemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Tangi la Faldiela nililijaza jana, la alumini, taratibu, kama kawaida. Leo saa moja asubuhi alikuja Annelise na lake la chuma, tupu. Alisahau kulileta jana. Akaomba radhi, akasema wanataka kurudi Mlangoni kabla bahari haijachafuka. Alisema "Mlangoni" hivyo tu, kama mtu anayetaja sebule yake. Nikamwambia aliache, arudi baada ya robo saa.

Sikulitia kwenye hodhi. Nililisimamisha sakafuni, kavu, nikafungua valvu yote. Dakika nane. Lilipata moto mpaka nikalishika kwa kitambaa. Kipimo kilisema 220. Nikaandika 220 na herufi zangu mbili.

Nilijua. Nilijua kwamba akifika majini atakuwa na 180, na kwamba kabla ya nusu ya safari atalazimika kumgusa Faldiela bega na kumwonyesha kipimo, kwa aibu, wageuke. Nilitaka safari yao iwe fupi. Nilitaka Faldiela achoke naye. Sikufikiri zaidi ya hapo, na hilo silisemi kwa kujitetea.

Saa tatu na nusu gari la Annelise lilikuja likipiga honi njia nzima. Faldiela alikuwa kiti cha nyuma, amefungwa taulo, kidevu kinatoka damu, kifundo cha mkono wa kulia kimekaa upande. Annelise hakuweza tena kushika usukani. Nikawapakia kwenye gari langu nikaendesha mpaka hospitali. Njiani Faldiela akasimulia huku macho kayafumba. Annelise alikuwa mbele anatazama kamba-mawe kwenye pango. Yeye Faldiela hewa ilimwishia. Alimtafuta mwenzake kwenye maji yaliyotibuka hakumwona, akapanda juu peke yake nje ya ule mwani, na wimbi likambwaga juu ya mawe.

"Mapema tu nilitazama kipimo nikaona kiko chini," akasema. "Nikajiambia ni baridi, Faldiela, unavuta hewa nyingi, umezeeka. Hewa kaijaza Lenie, haiwezi kuwa hewa."

Nikamwambia tangi lake lilikuwa limejaa, nililijaza mwenyewe jana.

"Sikulivaa langu. Mgongo ulinibana, na la chuma linazama vizuri, halitaki risasi nyingi za uzito kiunoni. Annelise akanipa lake tukabadilishana."

Nilipitiliza kona ya hospitali ikabidi nigeuze gari.

Jumapili, 21 Desemba

Mifupa miwili ya kifundo imevunjika. Nyuzi saba kidevuni. Wamemruhusu jioni.

Jumatatu, 22 Desemba

Nilikwenda kumwambia. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilipofika, Faldiela alikuwa amekaa kitandani ana hasira, na hasira haikuwa juu yangu.

"Alinitangulia," akasema. "Wewe na mimi miaka kumi na tisa, umewahi kunitangulia? Mwenza hakutangulii. Mgeni ni mgeni tu."

Nikasema ni kweli, sikuwahi. Akasema nikafute lile jina ukutani. Nilikuwa na siku nzima ya kusema neno langu, nikaitumia kumpikia supu.

Jina nimelifuta.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi si sikukuu ya Faldiela, lakini alikuja, tukala snuku na viazi vitamu, nikamkatia nyama ya samaki kwa sababu mkono wa kulia uko kwenye plasta. Alikaa mpaka alasiri. Hakutazama saa hata mara moja. Haya ndiyo niliyoyataka, na nimeyapata yote.

Jumamosi, 3 Januari

Sikio limepona. Faldiela amesema kidole chake cha kwanza kitakachochomoza kwenye plasta kitashika pezi. Anakuja kila siku. Anacheka na mimi. Usingizi sipati.

Jumamosi, 10 Januari

Annelise alikuja na lile tangi la chuma amelikumbatia mikononi. Amekonda. Akasema amekaa mezani akapiga hesabu, pumzi kwa dakika, kina, muda, na hesabu haikubali. Faldiela alitakiwa kuwa na hewa ya kutosha kurudi. Kwa hiyo tangi linavuja, na yeye ndiye aliyempa mwenzake tangi bovu.

Nikalizamisha kwenye hodhi mbele yake. Halikutoa hata povu moja. Lakini yeye alisimama upande wa pili, mwili wangu ukamkinga, hakuona. Aliniuliza linavuja wapi.

Mwanamke huyu ni mkemia. Hesabu yake imemfikisha hatua moja tu kutoka kwangu, na hakuipiga hatua hiyo kwa sababu hakuwaza kabisa kwamba mtu anaweza kufanya hivyo kwa makusudi.

Nikasema, "Pete ya mpira ya valvu imechakaa. Kidogo tu. Inatokea."

Akaketi kwenye kreti akalia, akisema alijua, alijua ni yeye. Nikambadilishia pete nzima kwa pete nyingine nzima. Nilipoosha mikono niliona aibu kuitazama.

Jumatano, 14 Januari

Upepo, siku ya kwanza.

Ijumaa, 16 Januari

Annelise anauza vazi lake jekundu. Ametundika tangazo dukani. Faldiela akasoma, akasema, "Bora," halafu njia nzima akawa anageuka kuitazama barabara ya juu. Anamkumbuka. Namwona anavyomkumbuka. Zamani ningeona wivu kwa hilo peke yake, na leo bado niliona, juu ya yote niliyofanya. Wivu huu hauna haya.

Jumatano, 28 Januari

Plasta inatoka Jumamosi. Siwezi kuandika.

Jumamosi, 31 Januari

Alifika saa nne, plasta imetoka, anaendesha mwenyewe kwa mara ya kwanza, mkono mweupe na mwembamba. Akanipeleka juu ya mawe ya kiwanda cha zamani, tukakaa ndani ya gari tunatazama bahari. Maji yalikuwa safi mno.

"Mkono ukipata nguvu tunaingia, mimi na wewe," akasema. "Tunapita kwenye mwani wenyewe. Halafu utaandika jina letu pale. Nimekusubiri, Lenie."

Alisema hivyo, nami nilikuwa nimengoja miezi mitatu kusikia neno hilo. Kama ningenyamaza ningekuwa nalo mpaka kufa.

Nikamwambia. Nilianza na dakika nane nikarudi nyuma mpaka kwenye mapovu ya Novemba, kisha nikaja mbele mpaka kwenye pete ya mpira. Alikuwa akikisugua kifundo cha mkono kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo lilikuwa lake," akasema.

"Lilikuwa lake."

"Na angelivaa yeye kama ulivyopanga, akavunjika yeye. Ungeniambia?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Nilimtazama usoni, na mtu huyu ananijua.

"Hapana," nikasema.

Akawasha gari. Akaendesha mpaka barabara ya juu, akasimama mbele ya nyumba ya Annelise, injini inanguruma. Hakugeuka.

"Shuka ukamwambie. Nitasubiri hapa."

Annelise alinikaribisha chai kabla sijafungua mdomo. Nikasimama palepale mlangoni nikasema yote, na safari hii ilikuwa fupi zaidi. Alielewa katikati. Nilimwona anavyopiga ile hesabu upya na safari hii inakubali.

"Kwa hiyo halikuvuja," akasema.

"Halikuvuja."

"Wiki sita nimemwona Faldiela juu ya mawe kila nikifumba macho." Aliweka birika chini. "Nilikukosea nini?"

Nikasema hakunikosea kitu. Alikuwa akicheka na Faldiela, basi.

"Unajua tulikuwa tunacheka nini? Wewe. Kila samaki huko chini, Faldiela alikuwa ananionyesha jinsi ambavyo Lenie angemgombeza. Nilikuwa nazama na wewe kila siku, na nilichoka na jina lako." Akafungua mlango. "Sasa toka nyumbani kwangu."

Nilitoka. Gari halikuwepo.

Nilisimama langoni kwa sababu alisema atasubiri. Nikafikiri amekwenda kugeuza, barabara ni nyembamba. Nikafikiri amekwenda kununua kitu. Upepo ulikuwa mkali, vumbi linapiga miguu. Nilisimama robo saa, labda zaidi, kila gari likipanda naliangalia.

Mwishowe mlango ulifunguka nyuma yangu. Annelise alipita bila kunitazama, funguo mkononi, akafungua gari lake upande wa abiria, akazunguka akaketi kwenye usukani.

"Panda," akasema. "Harudi."

Nikapanda.